Mama Saba Mwambani: Jinsi Miungu Mama wa India Walivyoingia Mapangoni

Anayeingia katika mahekalu ya Kihindu yaliyochongwa mapangoni nchini India huvutwa kwanza na majitu: mungu Shiva anayecheza kwa mikono kumi na minane kule Badami, Vishnu mwenye kichwa cha nguruwe mwitu kule Udayagiri, nyuso tatu kubwa za Shiva katika kisiwa cha Elephanta. Pembeni, katika ukuta au chumba kidogo ambacho wengi hukipita, wapo wanawake saba kwa mstari. Mmoja ana kichwa cha nguruwe. Mwingine ni mifupa mitupu. Waliobaki ni warembo waliovaa vito, na katika mapango mengi wamepakata watoto au wamewasimamisha magotini. Kwa Kisanskrit huitwa Saptamatrika, Mama Saba.

Wamewekwa pembeni, lakini hawakuja nyuma ya wengine. Waliogopwa vijijini kabla majina waliyonayo leo hayajaandikwa popote, na waliogopwa kwa sababu moja: watoto wachanga walikuwa wanakufa. Ukiyafuata mapango kwa mpangilio wa miaka, unaona jinsi mama hao wakali walivyovalishwa vito, wakaunganishwa na miungu wakubwa, kisha wakafanywa walinzi wa viti vya wafalme. Unaona pia kwamba yule mtoto pajani hakuondoka kirahisi.

Mama wenye vichwa vya ndege: karne ya 1 hadi ya 3

Wapo wanaopenda kuianza habari hii Mohenjo-daro, kwenye bonde la mto Indus, ambako vimechimbuliwa vinyago vya udongo vya wanawake vyenye umri wa miaka zaidi ya 4,000. Mimi sianzii huko. Maandishi ya watu wale hayajasomeka mpaka leo, na kinyago kisicho na jina unaweza kukiita chochote unachotaka.

Mahali pa kushika ni Mathura, kusini mwa Delhi, katika enzi ya wafalme wa Kushan. Mafundi wa hapo walichonga vibao vidogo vya jiwe jekundu la mchanga, na baadhi yake vinaonyesha mama walioketi kwa safu wakiwa na vitoto, vingine vikiwa kwenye susu. Idadi ya mama hao haijatulia. Si lazima wawe saba. Wengine wana vichwa vya ndege na vya wanyama. Kando yao mara nyingi husimama kijana mwenye mkuki, naye ni Skanda, mungu wa vita.

Kwa nini Skanda? Jibu limo katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa Kihindi. Skanda alipozaliwa, Indra mfalme wa miungu aliogopa nguvu za mtoto huyo, akawatuma Mama wakamuue. Walipomfikia maziwa yakawajaa matitini, wakashindwa kumdhuru, wakamwomba awakubali kuwa mama zake. Masimulizi hayaishii hapo pazuri. Mama walidai haki yao, na Skanda akawapa ruhusa ya kuwasumbua watoto wa binadamu mpaka wafikishe umri wa miaka kumi na sita, ila wanaowaheshimu wangelindwa.

Hapo pana mantiki ya watu waliozika watoto wengi. Homa inayomchukua mtoto usiku ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni mama. Ukimtuliza kwa sadaka atamwacha mtoto, pengine hata atamlinda dhidi ya wenzake. Vibao vya Mathura ni vidogo na havikugharimu hazina ya mfalme. Viliwafaa watu wa kawaida waliokuwa na hofu ya kawaida.

Tindo la kwanza

Wakati huo ustadi wa kuchonga mapango ulikuwa tayari wa siku nyingi, lakini haukuwa wa Wahindu. Katika karne ya 3 KK mfalme Ashoka alichongesha vyumba katika vilima vya itale vya Barabar, Bihar, akawapa watawa wa dhehebu la Ajivika, na kuta zake zilisuguliwa mpaka zikang'aa. Baada yake Wabudha waliichukua kazi hiyo upande wa magharibi, katika milima ya Sahyadri. Bhaja, Karla, Kanheri na Ajanta zote ziko kwenye basalti iliyomwagika kama uji wa volkano miaka milioni 66 iliyopita na kulala tabaka juu ya tabaka. Njia za biashara kutoka bandarini kwenda bara zilipita hapo, na wafanyabiashara walichangia nguzo na vyumba, majina yao yakachongwa ukutani.

Fundi wa pango hafanyi kazi kama mwashi. Huanza juu, darini, akashuka. Mwamba ambao hajaukata bado ndio jukwaa la kusimamia, kwa hiyo hahitaji ngazi ndefu wala magogo. Lakini kosa halina dawa: nguzo ikivunjika hakuna jiwe la kuibadilisha, na sanamu isiyopangwa tangu darini haitapata nafasi sakafuni. Kila mchongo utakaotajwa hapa chini uliamuliwa na mtu aliyeuona ndani ya mwamba mzima.

Udayagiri, 401: Mama wanaingia

Karibu na mji wa Vidisha, katikati ya India, kuna kilima cha jiwe la mchanga kiitwacho Udayagiri, chenye mapango 20. Ndiko wafalme wa Gupta walikoupa Uhindu nyumba ya mwambani. Maandishi ya Pango la 6 yana tarehe: mwaka wa 82 wa kalenda ya Gupta, yaani 401 au 402, wakati wa Chandragupta wa Pili. Pango la 7 liliwekwa wakfu kwa Shiva na Virasena, waziri aliyetoka Pataliputra akiandamana na mfalme wake.

Kinachokumbukwa zaidi ni Pango la 5. Vishnu, kwa umbo la mtu mwenye kichwa cha nguruwe mwitu na urefu wa mita 4 hivi, anaibuka kutoka vilindini akiwa amemwinua Dunia kwa pembe yake. Dunia ni mwanamke mdogo anayening'inia, na nyuma yao wahenga wamepangwa safu kwa safu. Aliyeuchongesha mchongo huo alitaka watu waone kwamba mfalme naye ameiokoa nchi.

Hatua chache kutoka hapo, mlangoni mwa Pango la 6, Durga, mungu wa kike mwenye mikono kumi na miwili, anamwangamiza jini nyati. Ganesha mwenye kichwa cha tembo yupo pia, naye ni miongoni mwa Ganesha wa kale zaidi wanaojulikana tarehe zao. Kando, ndani ya shimo lisilo kubwa, wameketi Mama. Wameliwa na mvua na upepo mpaka nyuso zimefutika, imebaki miili ya wanawake walioketi na alama chache. Kwangu mimi kishimo hicho ni muhimu kuliko jitu la jirani. Viumbe waliokuwa wakitulizwa kwa sadaka njia panda sasa wana nafasi katika hekalu la dola.

Sababu yake si vigumu kuiona. Dola zilikuwa zinapanuka kuingia misituni na vijijini, na wafalme waliwagawia Wabrahmani, makuhani wa Kihindu, ardhi huko. Kila eneo walilolifikia lilikuwa na mungu wake wa kike, na mara nyingi aliheshimiwa kuliko Vishnu au Shiva. Kumkataa kungewakosanisha na wenyeji. Kumkaribisha na kumpa cheo kulileta amani. Mwaka 423 hivi, kule Gangdhar katika Rajasthan ya leo, waziri mmoja aitwaye Mayurakshaka aliwajengea Mama hekalu, na maandishi ya mahali hapo yanalieleza kama makao ya kutisha, yenye mashetani wa kike wanaopiga kelele. Mtu mkubwa serikalini alilipia kazi hiyo bila aibu na hakujaribu kuwafanya wapole.

Wabudha nao walikuwa na mama wao. Katika Pango la 2 la Ajanta, mwishoni mwa karne ya 5, ameketi Hariti. Alikuwa zimwi lililokula watoto wa watu hadi Buddha alipomfichia wa kwake wa mwisho. Alipoonja uchungu huo akatubu, akawa mlinzi wa watoto. Chini ya kiti chake mchongaji ameweka darasa zima: mwalimu ameshika fimbo, wanafunzi wa mbele wamenyamaza, wa nyuma wanacheza. Hofu ile ya Mathura ilikuwa imevuka mipaka ya dini.

Majina na vyeo: karne ya 5 na ya 6

Yaliyofanyika kwa jiwe yalihitaji maneno. Katika karne ya 5 au ya 6 uliandikwa Devi Mahatmya, utungo mrefu unaomtukuza Mungu Mama kuwa nguvu iliyo juu ya miungu wote. Humo, katika vita dhidi ya majini Shumbha na Nishumbha, kila mungu mkubwa anatoa nguvu yake mwilini ikiwa mwanamke mwenye silaha zake na mnyama wake. Kutoka kwa Brahma anatoka mama mwenye bata bukini. Kutoka kwa Shiva mwenye fahali na mkuki wa ncha tatu. Kutoka kwa Skanda mwenye tausi. Kutoka kwa Vishnu anayebebwa na ndege Garuda. Na kutoka kwa Indra mwenye tembo. Yupo Varahi wa kichwa cha nguruwe. Kali, aitwaye pia Chamunda kwa kuwaua majini Chanda na Munda, anainywa damu ya jini Raktabija kabla haijagusa ardhi, kwa sababu kila tone lililoanguka lilizaa jini mwingine.

Wachongaji walipata mpangilio wao: Brahmi, Maheshvari, Kaumari, Vaishnavi, Varahi, Indrani na Chamunda. Mwanzo wa safu aliwekwa Shiva, mara nyingi akiwa na zeze, na mwisho Ganesha, kana kwamba wanawake saba hawawezi kuachwa bila msimamizi. Huo ndio mpango uliowapandisha na kuwafunga kwa pamoja. Vichwa vya ndege vimeondoka, majina ya vijijini yameondoka, karibu kila mama sasa anajulikana kwa jina la mungu dume. Ila utungo wa vita hauna watoto wachanga. Mashujaa wa Devi Mahatmya hawanyonyeshi mtu. Mchongaji anayemwekea mama wa vita mtoto pajani hafuati kitabu. Anafuata walichokijua watu kabla ya kitabu.

Wana wa Mama: Badami na Aihole, 543 hadi 600

Kusini, katika Karnataka ya leo, ukoo wa kifalme wa Wachalukya ulijenga ngome juu ya Badami mwaka 543, na miaka michache baadaye ukaanza kuchonga majabali mekundu chini yake. Pango la 3 lina tarehe kamili, mwaka 578, nalo ni kazi ya Mangalesha, ndugu wa mfalme. Wafalme hawa walijitambulisha kwa namna isiyobadilika. Katika hati zao za kugawa ardhi walirudia, kizazi baada ya kizazi, kwamba wao ni wana wa Hariti, kwamba wamelelewa na Mama Saba na kulindwa na Skanda, na kwamba alama yao ya nguruwe mwitu wameipata kwa Vishnu.

Ukoo uliokuwa bado unatafuta heshima ulichukua mama waliokuwa wakiwasumbua watoto na kusema: mama hao wametunyonyesha sisi. Mungu mkubwa anaweza kuwapendelea wafalme wengi, lakini mama hulea wanawe.

Si mbali sana na Badami, kule Aihole, pango la Ravana Phadi linaonyesha madai hayo kwa umbo. Shiva wa mikono kumi anacheza, mkewe Parvati yuko kando yake, Ganesha yupo, na wote wamezungukwa na Mama Saba, wembamba, warefu, wenye mataji marefu na sketi za marinda yaliyochongwa mstari kwa mstari. Hawana watoto. Mikono yao imeshika mdundo. Ni mama wa ikulu hao, na uzuri wao una ubaridi wa ikulu. Nauheshimu ufundi wa aliyewachonga. Bado naona kuna kitu kimewatoka.

Elephanta na Ellora: watoto wanarudi

Katikati ya karne ya 6 lilichongwa pango kubwa la kisiwa cha Gharapuri, mbele ya Mumbai ya leo, ambacho Wareno walikiita Elephanta. Sarafu za mfalme Krishnaraja zilizookotwa huko huwafanya wanahistoria wengi wawataje wafalme wa Kalachuri, waliokuwa wafuasi wa Shiva. Ndani yake nyuso tatu zenye kimo kinachokaribia mita 6 zinatazama kutoka gizani, na wa upande mmoja ni uso laini wa kike. Katika ua wa mashariki, ndani ya hekalu dogo la pembeni, wapo Mama pamoja na Skanda na Ganesha.

Mafundi wa mtindo huohuo walifanya kazi bara, kule Ellora. Mahali hapo pana mapango 34 yenye namba, ya Wabudha, Wahindu na Wajaini, yaliyochongwa kwenye jabali moja la basalti lenye urefu wa kilomita 2. Pango la 21, Rameshvara, la mwishoni mwa karne ya 6, linampokea mgeni kwa Ganga, mungu wa mto, aliyesimama juu ya makara, mnyama wa majini wa hadithi, kiuno chake kimepinda, amemwegemea mtumishi wake.

Ndani, ukuta wa kusini, ndipo wameketi Mama Saba walio bora kuliko wote niwajuao. Shiva na zeze yake yuko mwanzo, Ganesha yuko mwisho, na chini ya kila kiti amechongwa mnyama wa mwenye kiti, kwa hiyo hakuna anayechanganywa na mwenzake. Mabega ni mapana, matiti yamejaa, shingo zina mikunjo mitatu ya urembo. Na watoto wamerudi. Wengine wako pajani, wengine wamesimama wakijishikilia. Hawakukaa kama alama za dini. Wanajinyonganyonga kama watoto waliochoka kukaa. Mikono mingi imevunjika na baadhi ya nyuso zimepondeka, lakini uzito wa mtoto kwenye paja la mama bado unaonekana, maana mchongaji alijua paja linavyoinama likibeba mtoto.

Karibu nao, katika chumba cha pembeni, kimekaa kifo chenyewe: kundi la mifupa yenye mbavu zinazohesabika, macho yaliyodidimia. Pango la 14, la karne ya 7 hivi, limefanya vivyo hivyo, likawaweka Mama na watoto wao jirani na mifupa hiyo. Hakuna utungo wa vita unaoeleza vizuri ujirani huo. Watu wa Mathura wangeuelewa bila kuelezwa. Mama, mtoto, na kile kinachomvizia mtoto viko pamoja ukutani kwa sababu vilikuwa pamoja nyumbani.

Nyati wa Mamallapuram

Upande wa pili wa India, ufukweni kusini mwa Chennai, wafalme wa Pallava wa karne ya 7 walichukua njia nyingine. Katika pango la Mahishamardini kule Mamallapuram hakuna Mama Saba. Yupo Durga peke yake, mikono minane, juu ya simba, upinde umevutwa, jeshi lake la vijeba likimtangulia. Michongo ya zamani ilimwonyesha nyati akiwa tayari amekanyagwa. Hapa jini ana mwili wa mtu na kichwa cha nyati, bado ana rungu mkononi, bado hajaanguka, ila mwili wake umeanza kuegemea nyuma. Mchongaji amesimamisha vita katika nukta ambayo mshindi ameshajulikana kwa wote wawili. Ukuta unaotazamana naye una Vishnu aliyelala juu ya nyoka, na utulivu wake unaongeza mwendo wa Durga.

Kailasa, na mwisho wa mapango

Kilele cha kazi hii kilikuja Ellora chini ya wafalme wa Rashtrakuta. Krishna wa Kwanza, aliyetawala kuanzia mwaka 756 hivi, ndiye anayehusishwa na Kailasa, Pango la 16, ambalo kwa kweli si pango. Mafundi walikata mahandaki matatu kutoka juu ya mlima, wakabakiza katikati jabali zima, wakalichonga liwe hekalu linalosimama uwanjani, ndani ya shimo lenye urefu wa zaidi ya mita 80 na upana wa zaidi ya mita 45. Mama wana ukumbi wao upande wa kusini, juu ya uwanja. Ni wakubwa kama watu, wamechongwa mpaka karibu watengane na ukuta, na Chamunda yuko kati ya maiti.

Baada ya hapo mwamba ulianza kuachwa. Ikiwa unaweza kuchonga jabali mpaka lifanane na jengo, unaweza pia kujenga kwa mawe ya kukatwa popote pale mfalme anapotaka, si lazima pale mlima ulipo. Wajaini ndio waliofunga kazi Ellora katika karne ya 9 na ya 10, na hata wao, katika Pango la 32, walimweka Ambika, mungu wao wa kike, chini ya mwembe, mtoto karibu, simba miguuni.

Mama wenyewe walihamia nje. Kule Hirapur, Odisha, karne ya 9, na Bheraghat baadaye kidogo, zilijengwa kuta za mviringo zisizo na paa, zenye miungu wa kike kwa makumi. Vichwa vya wanyama vikarejea. Katika mahekalu makubwa ya kusini Mama Saba wakabaki kibao kimoja katika ua, sanamu saba zinazofanana kama zimetoka kwenye tanuri moja.

Baada ya wafalme

Elephanta iliumia zaidi baada ya Wareno kuichukua mwaka 1534. Hao ni Wareno walewale wa dola ya Goa walioanza kujenga Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593. Mwandishi wao Diogo do Couto alieleza kwamba jiwe lenye maandishi liling'olewa hekaluni na kupelekwa kwa mfalme wa Ureno. Jiwe hilo halikuonekana tena, ndiyo maana leo tunalitambua pango kwa sarafu badala ya maneno ya aliyelichongesha. Waingereza walikuja na vipimo na daftari. James Fergusson na James Burgess walitoa kitabu chao kikubwa cha mahekalu ya mapangoni mwaka 1880. UNESCO iliiandikisha Ellora kuwa urithi wa dunia mwaka 1983, Mamallapuram 1984, Elephanta 1987.

Ibada kubwa ya Durga, usiku tisa wa Navaratri, inaendelea India nzima, na jamii zenye asili ya Gujarat huicheza kwa duara Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Mama wa watoto hawakuhitaji mapango. Vijijini Maharashtra, jimbo ambalo Ellora na Elephanta zimo ndani yake, kando ya visima na mito huwekwa mawe saba yasiyochongwa, yakapakwa rangi nyekundu, nayo huitwa Sati Asara. Na mtoto akifikisha usiku wa sita tangu kuzaliwa, familia nyingi humwandalia sadaka Satvai, mama anayeaminiwa kuja usiku huo kuandika maisha ya mtoto kwenye paji la uso. Waliomo nyumbani hukesha, ili akija amkute mtoto ana watu.